Runyenjes: Mpango wa taka hautengani na mpango wa kawi

MJI wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu hutegemea shamba. Uko kando ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru, mahali ambapo mazao ya miinuko ya Mlima Kenya hukutana na yale ya nyanda za chini. Ndizi, kabeji, mahindi, maembe na maparachichi huletwa sokoni kwa pikipiki, matatu na malori. Jioni wachuuzi wanapofunga vibanda, kinachosalia chini ni majani, maganda, mabua na matunda yaliyopondeka.

Masalio ya namna hiyo ndiyo sehemu kubwa ya taka za Kenya. Sera ya kitaifa ya usimamizi wa taka inakadiria kwamba kati ya asilimia 60 na 70 ya taka zinazozalishwa nchini ni zile zinazooza, huku plastiki ikichukua takriban asilimia 20. Katika mji uliozungukwa na mashamba ya chai, kahawa na migomba, hakuna sababu ya kudhani kwamba kiwango cha taka zinazooza kiko chini ya hapo.

Wakati huo huo, majiko mengi ya maeneo hayo huwashwa kwa kuni. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia nchini hutegemea kuni kupikia. Taka zinazooza zinaweza kutoa gesi ya kupikia. Swali linaloikabili Runyenjes, kama linavyoikabili miji mingine midogo ya Embu na Meru, ni kama mambo haya mawili yataendelea kupangwa kana kwamba hayajuani.

Sheria imekwisha kuyaunganisha

Kikatiba, jawabu liko wazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la kuzoa taka na kusimamia majaa. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti jukumu la mipango na maendeleo, yakiwemo usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi katika eneo lake. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa.

Sheria mbili zilizofuata zilifafanua majukumu hayo. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri ili uingizwe katika mpango wa taifa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti kuweka vituo vya kutenganisha na kuokoa vitu vinavyoweza kutumika tena, kuingiza suala la taka katika mipango na bajeti zao, na kutunza takwimu. Sheria hiyo pia inamtaka anayezalisha taka kutenganisha zinazooza na zisizooza kabla hazijaondoka mikononi mwake.

Hivyo basi, mwenye jukumu la taka na mwenye jukumu la gesi ya kupikia ni serikali ile ile moja. Tatizo ni kwamba katika kaunti nyingi majukumu hayo yamegawiwa idara tofauti. Idara ya mazingira huhesabu magari ya taka. Idara inayoshughulikia kawi huhesabu taa za barabarani. Hakuna anayeulizwa ni tani ngapi za maganda zilizofukiwa, wala ni magunia mangapi ya makaa yangeokolewa kama zisingefukiwa.

Mji uliopoteza baraza lake

Runyenjes ina historia inayofaa kukumbukwa katika mjadala huu. Kabla ya ugatuzi, mji huo ulikuwa na baraza lake la manispaa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ingawa sehemu kubwa ya eneo la manispaa hiyo ilikuwa mashamba. Kuanzia 1999, mabaraza yote nchini yalipata mgao wa asilimia 5 ya kodi ya mapato kupitia hazina iliyojulikana kwa ufupi kama LATF. Baadaye yakatakiwa kuandaa mpango wa huduma, LASDAP, kwa kushauriana na wakazi.

Mipango hiyo haikukosa kasoro. Kote nchini, madiwani walilaumiwa kwa kugawana fedha wadi kwa wadi hadi zikaishia kwenye choo kimoja hapa na kalavati moja pale. Taka hazina mpaka wa wadi, kwa hivyo hazikupata mtetezi. Hata hivyo, mkazi aliyechoshwa na uvundo wa soko alijua ni mlango upi abishe hodi.

Mabaraza hayo yalifikia kikomo baada ya Uchaguzi Mkuu wa Machi 2013, na mamlaka yakahamia makao makuu ya kaunti mjini Embu. Haiwezi kusemwa kwamba Runyenjes haina sauti huko. Magavana wawili waliochaguliwa na wakazi wa Embu tangu 2013, Martin Wambora na Cecily Mbarire, wote waliwahi kuwa wabunge wa Runyenjes. Eneobunge hilo pia lina wadi sita, na kila moja ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Kinachohitajika ni hoja moja inayoeleweka ambayo wawakilishi hao wote wanaweza kuibeba.

Hesabu ya kawi iliyomo takani

Hoja hiyo inaweza kuanza na hesabu. Kwa makadirio yanayotumiwa na serikali, Mkenya mmoja huzalisha takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Ukichukua mji wa watu 10,000 kama kipimo, taka zake ni tani 5 kila siku, na zaidi ya tani 3 kati ya hizo ni zile zinazooza.

Taka zinazooza zikiwekwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vijidudu huzivunjavunja na kutoa bayogesi. Tani moja ya taka za soko huweza kutoa mita za ujazo kati ya 50 na 100, kulingana na aina ya taka na jinsi mtambo unavyotunzwa. Tukichukua kiwango cha chini cha mita 60, tani 3 hutoa mita za ujazo 180 kwa siku.

Gesi hiyo ikitumiwa kuzalisha umeme, matokeo yake hayasisimui. Ni takriban kilowati 15 mfululizo, kiasi ambacho kinaweza kuwasha taa za soko na kuendesha pampu chache. Lakini ikipelekwa jikoni, hali hubadilika. Mita moja ya ujazo ya bayogesi huchukua nafasi ya kilo 3 hadi 5 za kuni. Kwa hivyo mita 180 huokoa zaidi ya nusu tani ya kuni kila siku, kuni ambazo zingekatwa, kununuliwa, kubebwa na kuvuta moshi katika jiko la shule au hospitali.

Hapa ndipo mjadala wa kawi jadidifu nchini mara nyingi hupotea njia. Inapotajwa kawi safi, wengi hufikiria umeme. Lakini umeme wa Kenya tayari ni safi kwa kiwango kikubwa: takriban asilimia 90 yake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kaunti ya Embu yenyewe inapakana na Mto Tana, ambako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamezalisha umeme kwa miongo kadhaa. Upungufu wa kawi safi katika eneo kama Runyenjes uko jikoni.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, taasisi zinazotegemea kuni zilikumbushwa jinsi zilivyo hatarini. Marufuku hayo yaliondolewa 2023, lakini fundisho lilibaki: shule inayopikia wanafunzi mia kadhaa kwa kuni iko chini ya huruma ya msitu na ya bei.

Mtambo mkubwa si dawa ya mji mdogo

Viongozi wengi hupenda kutangaza mradi mkubwa. Katika miaka ya karibuni, ahadi ya kugeuza taka kuwa umeme kwa kuzichoma imesikika mara nyingi nchini, hasa kuhusu jaa la Dandora jijini Nairobi. Mfano unaotajwa ni Reppie jijini Addis Ababa, mtambo uliozinduliwa Agosti 2018 kwa gharama ya takriban dola milioni 120. Ulibuniwa kuchoma tani 1,400 za taka kwa siku na kuzalisha megawati 25.

Ulinganisho mdogo unatosha. Kaunti nzima ya Embu ilikuwa na watu 608,599 katika sensa ya 2019. Hata kama kila nyumba, kuanzia msitu wa Mlima Kenya hadi Mbeere, ingezolewa taka zake zote kila siku, zingefika takriban tani 300. Hiyo ni chini ya robo ya chakula cha Reppie. Isitoshe, taka za sokoni zina maji mengi, na kuzichoma ni sawa na kujaribu kuwasha moto kwa kuni mbichi. Unyevu huo unaokuwa kikwazo katika tanuri ndio hasa unaohitajika katika tangi la bayogesi.

Kenya ina mfano wake ulio karibu zaidi na hali ya Runyenjes. Karibu na Ziwa Naivasha, katika shamba la Gorge, mtambo wa bayogesi wenye uwezo wa takriban megawati 2 umekuwa ukitumia masalio ya mboga na mazao ya shamba. Mtambo huo una jambo moja ambalo miji mingi haina: malighafi yake hutoka mahali pamoja, ni ya aina inayojulikana, na haijachanganyika na chupa, betri wala nepi.

Fundisho kutoka Uganda

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana Uganda. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, Mamlaka ya Mazingira ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kutengeneza mboji kutokana na taka za manispaa katika miji ya kadiri kama Mbale, Soroti, Lira, Kasese, Kabale na Fort Portal. Nia ilikuwa njema na ukubwa wa mitambo ulilingana na miji yenyewe.

Lakini taka ziliendelea kufika zikiwa zimechanganyika. Wafanyakazi walilazimika kuokota plastiki na vioo kwa mikono, na mboji yenye vipande vya kioo haina mkulima wa kuinunua. Mashine zilipoharibika, fedha za kuzitengeneza hazikupatikana kwa urahisi, kwani mapato ya mboji yalikuwa haba.

Kwa Runyenjes, fundisho ni kwamba kazi huanzia kwenye kibanda cha mchuuzi. Soko ndipo mahali rahisi pa kuanzia kutenganisha, kwa sababu taka zake nyingi ni za aina moja na wenye vibanda hulipa ada kwa kaunti kila siku. Pipa moja la masalio ya mazao na jingine la vitu vingine, pamoja na mtu wa kusimamia, vina faida kuliko lori jipya la kubeba mchanganyiko. Viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika, ambavyo msimu wa mavuno huachwa na marundo ya maganda ya buni, vinaweza kuwa chanzo cha pili. Machinjio yanaweza kuwa cha tatu. Taka za hospitali hazina nafasi kabisa katika mkondo huu, na lazima zishughulikiwe peke yake.

Kuna faida nyingine isiyohitaji mahubiri kwa mkulima wa Embu. Tope linalobaki baada ya gesi kutoka ni mbolea. Wakulima wanakumbuka jinsi bei ya mbolea ya viwandani ilivyopanda 2022 hadi serikali ikaanzisha ruzuku. Mji unaofukia maganda yake leo na kununua mbolea kesho unalipa mara mbili.

Majirani wamekwisha kuonyesha njia

Wanaodhani kwamba kawi ya kiwango kidogo ni ndoto hawana haja ya kusafiri mbali. Kilomita chache kaskazini mwa Runyenjes, ng'ambo ya Mto Thuci katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi, wakazi wa Mbuiru walijenga mtambo wa umeme wa maji wa Tungu-Kabiri mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uwezo wake ulikuwa kilowati 18 tu. Walisaidiwa na Wizara ya Kawi na shirika lililojulikana wakati huo kama ITDG, lakini wanajamii wenyewe walichimba mfereji na kuchangia hisa.

Huko Meru, kiwanda cha chai cha Imenti kilijenga mtambo wa maji wa takriban megawati 1, kikajipatia umeme wake na kuuza ziada kwa gridi ya taifa. Eneo la Runyenjes lina chai pia, na mito inayoteremka kutoka mlimani, ukiwemo Ena.

Miradi hiyo miwili inafanana katika jambo moja. Kila mmoja ulikuwa na mwenyewe aliyejulikana: kikundi chenye hisa au kiwanda chenye vitabu vya hesabu. Mitambo ya umma isiyo na mwenyewe hufa kifo cha kawaida, bomba likivuja na kila ofisi ikisubiri nyingine iite fundi. Kwa hivyo mtambo wa bayogesi wa soko unapaswa kuwa na mnunuzi wa gesi kabla haujachimbiwa msingi, kwa mfano shule ya bweni iliyo jirani, na bei iliyokubaliwa inayotosha kumlipa mhudumu.

Gharama ya kungoja

Kutofanya lolote nako kuna gharama. Mnamo Machi 2017, jaa la Koshe jijini Addis Ababa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Agosti 10, 2024, jaa la Kiteezi jijini Kampala liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya watu 30. Runyenjes haina mlima wa taka wa kiasi hicho, na ndiyo sababu huu ndio wakati wa kupanga. Koshe na Kiteezi nazo zilianza kama mashimo yaliyoonekana kutosha.

Kwa mji ulio mlimani, hatari iliyo karibu zaidi ni maji. Mvua kubwa za miinuko hiyo hubeba uchafu na maji machafu ya jaa hadi kwenye mito, na mito ya eneo hilo huishia Tana. Jaa baya la Runyenjes si tatizo la Runyenjes pekee. Ni tatizo la mkulima wa Mbeere anayechota maji chini ya mkondo.

Vile vile kuna suala la ardhi. Mashamba ya ukanda wa kahawa na chai ni madogo, na hakuna kijiji kinachopenda kuwa jirani wa jaa. Kila tani ya maganda inayoelekezwa kwenye tangi hupunguza ukubwa wa shamba ambalo kaunti italazimika kununua. Taka zinazooza zikiondolewa, kinachosalia ni theluthi moja tu, kikavu, kisicho na uvundo mkali, na sehemu yake yaweza kuuzwa kama plastiki, karatasi na chuma.

Mlango wa kubisha hodi

Mali bila daftari huisha bila habari. Hatua ya kwanza ya mpango wowote wa maana ni mizani: kupima taka za soko kila siku kwa mwaka mmoja, msimu wa maembe na msimu wa njaa, na kuandika. Sheria ya 2022 inadai takwimu hizo, na hakuna mfadhili wala mwekezaji atakayekubali makisio ya mdomo.

Hatua ya pili ni kuziketisha idara mbili katika meza moja, ili mpango wa kawi wa kaunti utaje taka za masoko kama chanzo cha gesi, na mpango wa taka utaje shule na hospitali kama wateja. Fedha zinaweza kutafutwa katika bajeti ya kaunti na katika mpango wa FLLoCA, ulioanzishwa 2021 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine ili kugharimia miradi ya mabadiliko ya tabianchi inayochaguliwa mashinani.

Hatua ya tatu ni ya wakazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mpango wa miaka mitano wa kaunti unafika mwisho 2027, na unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi wa mwaka huo. Mchuuzi wa Runyenjes anayengoja kampeni ili alalamikie uvundo atakuwa amechelewa. Anayefika katika mkutano wa bajeti akiwa na daftari la mizani atakuwa na jambo ambalo hata mwakilishi wa wadi hawezi kulipuuza.

Baraza la zamani halitarudi. Lakini kazi iliyolishinda ingali pale sokoni kila jioni, na safari hii sheria imewapa wakazi sababu mbili za kuidai: usafi wa mji wao, na moto wa majiko yao.